Kitenzi Kimoja, Mambo Manne: Tahakiki ya Matumizi ya "Kuyeyuka" katika Taaluma ya Mito ya Aktiki

Makala haya yanakusudia kuhakiki matumizi ya kitenzi kimoja ambacho wafasiri wetu wa sayansi wamekitwisha mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Kitenzi hicho ni "kuyeyuka". Uwanja tuliouchagua kwa uchunguzi huu uko mbali na kwetu, nao ni kazi ya wanasayansi wanaochukua sampuli za maji ya mito ya Aktiki wakati barafu ya mito hiyo inapovunjika. Tumeuchagua kwa sababu katika uwanja huo udhaifu wa istilahi zetu hudhihirika upesi, na kosa la neno huzaa kosa la elimu.

Huenda msomaji akauliza: mito ya Siberia na Alaska inatuhusu nini sisi? Inatuhusu kwa sababu habari zake zinatufikia kila siku katika vitabu vya jiografia, katika taarifa za hali ya hewa na katika nyaraka za kimataifa ambazo maofisa wetu hutakiwa kuzieleza kwa Kiswahili. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lililoundwa 1972, lina makao yake makuu Nairobi. Na shirika hilo, pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ndilo lililounda 1988 jopo la serikali mbalimbali linalochunguza mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2019 jopo hilo lilitoa taarifa maalumu juu ya bahari na maeneo ya barafu duniani. Mfasiri anayeketi kuifasiri taarifa ya namna hiyo hana budi kuwa na maneno ya kutosha.

Tuchukue sentensi ifuatayo, ambayo tumeitunga wenyewe kwa ajili ya mjadala, lakini ambayo mfasiri yeyote angeweza kuiandika bila kuona haya:

"Wakati wa masika barafu ya Mto Lena huyeyuka, na maji yake hubeba kaboni iliyoyeyuka kutoka katika ardhi inayoyeyuka hadi baharini."

Kisarufi sentensi hii haina dosari. Mwalimu angeipa alama zote. Lakini ndani yake mna "kuyeyuka" mara tatu, na kila mara neno hilo limesimama mahali pa jambo jingine. Mara ya kwanza linaeleza tukio ambalo kwa sehemu kubwa si kuyeyuka. Mara ya pili linaeleza hali ya kemia. Mara ya tatu linaeleza badiliko la ardhi ambalo, wakati unaozungumzwa, halijatokea. Msomaji akiisha kuisoma ataelewa kwamba maji, kaboni na ardhi vimeshiriki katika tendo moja. Hilo si kweli, na tutaonyesha kwa nini si kweli.

Jambo la kwanza: barafu ya mto huvunjika

Mto Lena huanzia karibu na Ziwa Baikal na kutiririka zaidi ya kilometa 4,000 kuelekea kaskazini hadi Bahari ya Laptev. Mwelekeo huo ndio ufunguo wa habari yote. Joto la machipuko hufika kusini kwanza. Theluji ya huko huyeyuka mwishoni mwa Aprili na mwezi wa Mei, na maji yake huteremka kuelekea kaskazini ambako mto ungali umefunikwa na barafu ngumu, ambayo unene wake waweza kufikia mita moja na nusu na zaidi. Maji hayo huinua bamba la barafu kutoka chini, hulipasua, hulisukuma na kulivunja mapande mapande. Tukio hilo husafiri na mto, likafika katika delta yapata mwanzo wa Juni.

Wataalamu wa barafu ya mito hutofautisha hali mbili. Katika hali ya kwanza jua huidhoofisha barafu pale pale ilipo mpaka ikaisha kwa utulivu. Katika hali ya pili wimbi la maji huikuta barafu ingali na nguvu na kuivunja kwa kishindo. Hali ya kwanza yastahili kuitwa myeyuko. Hali ya pili haistahili jina hilo hata kidogo, nayo ndiyo yenye hatari kubwa.

Ushahidi rahisi unapatikana Nenana, mji mdogo wa Alaska ulio kando ya Mto Tanana. Tangu 1917 watu wa huko hushindana kubashiri siku, saa na dakika ambapo barafu ya mto itaondoka. Mnara wa magogo husimikwa juu ya barafu na kuunganishwa kwa waya na saa iliyo ufukoni. Barafu inapouchukua mnara, saa husimama. Mwaka 2019 barafu hiyo iliondoka tarehe 14 Aprili, ikaipita rekodi ya tarehe 20 Aprili iliyowekwa 1940 na kufikiwa tena 1998. Tuulize sasa: ni myeyuko gani unaoweza kupewa dakika yake? Kitu kinachoyeyuka hupungua kidogo kidogo, lakini kitu kinachovunjika huvunjika wakati mmoja unaojulikana. Watu wa Nenana wasingeweza kuwekeana dau juu ya dakika ya kuyeyuka.

Kwa hiyo tunapendekeza "mvunjiko wa barafu". Neno "mpasuko" libaki kwa ufa unaotangulia. Na pale mapande ya barafu yanapojibana katika kona ya mto au mahali pembamba na kuziba njia ya maji, tunapendekeza "mkwamo wa barafu". Tumeona wengine wakitumia "msongamano", lakini msongamano hueleza wingi wa vitu tu, hauelezi kwamba maji yamezuiwa. "Bwawa" nalo hudokeza kazi ya mikono ya watu. "Mkwamo" una faida nyingine, kwani kutokana na "kwama" tunapata "kwamuka", na kukwamuka kwa barafu ndiko kunakoachilia ghafula maji yote yaliyojikusanya nyuma yake.

Haya si mambo ya kuchezea maneno. Mwezi Mei 2001 mkwamo wa barafu katika Mto Lena uliugharikisha mji wa Lensk, nyumba maelfu zikaharibiwa, na ndege za kivita zikatumwa kuidondoshea barafu mabomu ili njia ya maji ifunguke. Mwezi Mei 2013 mkwamo katika Mto Yukon uliufunika kwa maji mji wa Galena, Alaska, na wakazi wake wengi wakaondolewa kwa ndege. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "barafu iliyeyuka" hataweza kufahamu mabomu yalihitajiwa kwa kazi gani.

Jambo la pili: ardhi huganduka

Sehemu kubwa ya nchi inayonyweshwa na mito hii ina ardhi iliyoganda. Kwa kawaida sisi huiita "ardhi iliyoganda daima". Istilahi hii ina ila mbili. Ya kwanza ni neno "daima". Kwa mujibu wa wanasayansi, ardhi ya namna hii ni ile iliyokaa katika nyuzi sifuri za Selsiasi au chini yake kwa muda usiopungua miaka miwili mfululizo. Miaka miwili si daima. Wazungu walianza kosa hili katika lugha zao, na Warusi huiita ardhi hiyo kwa neno lenye maana ya umilele. Lakini kosa la jirani si hoja ya kulirithi. Leo, ambapo habari kuu juu ya ardhi hiyo ni kwamba inapoteza mgando wake mahali pengi, tunalazimika kuandika kwamba "ardhi iliyoganda daima imeacha kuganda", na msomaji ana haki ya kucheka. "Ardhi ya mgando" inatosha, maadamu imefafanuliwa mara moja.

Ila ya pili ni kitenzi kinachofuatana nayo. Tunasema ardhi "inayeyuka". Ardhi haiyeyuki. Mama anapoitoa nyama katika jokofu husema kwamba barafu yake imeyeyuka. Ikiyeyuka nyama yenyewe, siku hiyo hapana kitoweo. Ndivyo ilivyo kwa udongo: barafu iliyomo ndani yake hugeuka maji, udongo wenyewe ukabaki. Tena kuna mwamba mkavu ulio chini ya nyuzi sifuri miaka yote, nao huhesabiwa kuwa ardhi ya mgando ingawa hauna barafu ndani yake. Ukipata joto hupoteza mgando, lakini hapana kilichoyeyuka.

Kiswahili kina njia yake ya zamani ya kueleza kinyume cha tendo. Kutokana na "funga" tuna "fungua" na "funguka". Kutokana na "ziba" tuna "zibua" na "zibuka". Vivyo hivyo kutokana na "ganda" tuna "gandua" na "ganduka". Tunapendekeza ardhi "iganduke". Tunakiri kwamba msikilizaji wa leo, akilisikia neno hili, hufikiri kwanza juu ya kitu kilichobandika kikabanduka. Lakini "ganda" lenyewe hutumika kwa damu, kwa mafuta, kwa maji na kwa gundi, wala hapana anayechanganyikiwa. Kinyume chake nacho kitazoeleka kwa njia iyo hiyo.

Jambo la tatu: kaboni humumunyika

Mtu atiapo sukari katika chai, twasema sukari imeyeyuka. Katika mazungumzo ya nyumbani usemi huu hauna madhara. Katika maabara una madhara, kwa sababu barafu iliyogeuka maji na chumvi iliyopotea katika maji ni mambo mawili: la kwanza lahitaji joto, la pili lahitaji kimiminika cha kulipokea. Baadhi ya walimu wa kemia wamekwisha kutumia "mmumunyo" na "kumumunyika", nao wamefanya vyema. Tunaunga mkono matumizi hayo, na tunaomba yafikishwe kwa wafasiri wa mazingira pia.

Hapa yafaa tuone kazi yenyewe inavyofanywa uwandani. Kuanzia 2003 wanasayansi wa Marekani, Urusi na Kanada walishirikiana kupima kwa njia zinazofanana mito sita mikubwa inayomwaga maji yake kaskazini: Ob, Yenisei, Lena, Kolyma, Yukon na Mackenzie. Sampuli zilichukuliwa karibu na miji na vijiji kama vile Salekhard, Dudinka, Zhigansk na Cherskiy huko Urusi, Pilot Station huko Alaska, na Tsiigehtchic huko Kanada. Wenyeji wa mahali hapo walikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo, na hata wanafunzi wa shule walishirikishwa katika kuchota maji.

Wakati wa baridi kazi ni ngumu lakini inajulikana: barafu hutobolewa kwa keekee, na chombo huteremshwa katika tundu. Wakati wa kiangazi mashua huvuka mto, na maji huchukuliwa katika vina mbalimbali, tangu ukingo huu hadi ule. Wakati wa mvunjiko hapana mojawapo kati ya njia hizo inayofaa. Barafu haikanyagiki tena, na mashua itapondwa na mapande yanayopita. Mchukuaji wa sampuli husimama ukingoni na ndoo yenye kamba, au hutumia helikopta pale inapopatikana. Ndiyo maana kwa miaka mingi vipimo vingi vilitoka katika miezi salama ya kiangazi, ilhali katika majuma machache ya mvunjiko hupita sehemu kubwa ya maji ya mwaka mzima. Mto Lena, ambao mwishoni mwa majira ya baridi hupitisha mita za ujazo elfu chache tu kwa sekunde, mwezi Juni huweza kupitisha zaidi ya 100,000.

Maji yakiisha kuchotwa hupitishwa upesi katika chujio lenye matundu madogo mno, aghalabu yasiyofikia maikromita moja. Kilichozuiwa na chujio huitwa mashapo yanayoelea. Kilichopita ndicho kinachohesabiwa kuwa kimemumunyika. Tuangalie vizuri: fasili hii imetolewa na chujio, haikutolewa na jicho wala ulimi. Neno "iliyoyeyuka" haliwezi kuibeba fasili hiyo, kwa sababu kila mtu amekwisha kuwa na maana yake. Neno "iliyomumunyika", kwa kuwa halijachakaa kwa matumizi, laweza kukabidhiwa maana hiyo kamili.

Jambo la nne: theluji huyeyuka

Limebaki jambo moja ambalo "kuyeyuka" ni jina lake halali, nalo ni theluji kugeuka maji. Hapa tukumbushe kwamba "theluji" na "barafu" si maneno ya kubadilishana. La kwanza limetokana na Kiarabu, ambako hutumika kwa vyote viwili. La pili lina asili ya Kiajemi, ambako maana yake ni theluji. Kiswahili kiliyapokea yote mawili na kuyagawia kazi: theluji ni ile inayoanguka kutoka mawinguni, barafu ni maji yaliyoganda. Mgawanyo huu ni mali yetu, na ni upotevu kuutupa. Furiko la mito ya Aktiki hutokana hasa na theluji. Kizuizi cha furiko hilo ni barafu.

Kwa sababu iyo hiyo hatukubaliani na wanaoita majira hayo "masika". Ni kweli kwamba miezi inakaribiana. Lakini masika ni mvua. Mto Rufiji hufurika kwa mvua inayonyesha katika majira yale yale, ambapo Lena hufurika kwa theluji iliyowekwa akiba tangu Oktoba. Jina la masika huficha sababu. "Machipuko" si jina kamili pia, maana barafu ivunjikapo huko kaskazini bado hakujachipua kitu; hata hivyo limekwisha kuzoeleka, na istilahi iliyozoeleka isivunjwe pasipo haja. Mfasiri aongeze jina la mwezi, basi.

Kuhusu furiko lenyewe, tungependa umoja "furiko" utumike kwa kujaa kwa mto kunakotazamiwa kila mwaka, na wingi "mafuriko" uachwe kwa maafa. Wakulima wa Rufiji, ambao kwa kilimo cha mlau hupanda katika udongo uliorutubishwa na maji yaliyopungua, wanajua tangu zamani kwamba si kila furiko ni janga.

Madhara ya kuchanganya

Sasa tuirudie sentensi yetu. Kosa lake kubwa ni kumfanya msomaji aamini kwamba kaboni inayopita wakati wa mvunjiko imetoka katika ardhi ya mgando iliyoharibiwa na joto. Wakati huo ardhi hiyo bado imeganda. Maji ya theluji, yakishindwa kupenya, hupita juu juu katika majani makavu na mboji. Uchunguzi uliotumia kaboni 14 katika mito mikubwa ya Aktiki, uliochapishwa 2007, ulikadiria kwamba karibu nusu ya kaboni iliyomumunyika inayopita wakati wa furiko la machipuko ina umri wa kati ya mwaka 1 na miaka 5 tu. Ni kaboni changa. Kaboni ya zamani zaidi hutazamiwa baadaye, mwishoni mwa kiangazi, pale tabaka la juu la ardhi linapokuwa limeganduka hadi chini na maji kupata njia ya kina.

Tofauti hii ndiyo kiini cha utafiti wote. Bahari ya Aktiki ina takriban asilimia 1 tu ya maji ya bahari zote, lakini hupokea zaidi ya asilimia 10 ya maji ya mito yote duniani. Na uchunguzi wa 2002 ulionyesha kwamba mito sita mikubwa ya Ulaya na Asia inayoingia humo iliongeza maji yake kwa asilimia 7 kati ya 1936 na 1999. Anayetaka kujua kama ardhi ya mgando imeanza kuachilia kaboni yake ya kale lazima apambanue kaboni ya Mei na kaboni ya Septemba. Lugha yenye kitenzi kimoja kwa yote mawili inamfunga macho kabla hajaanza kutazama.

Yako mabishano yatakayotolewa. Itasemwa kwamba muktadha hutosha kutofautisha maana. Muktadha hutosha kwa anayejua jambo tayari. Kitabu cha shule kinaandikwa kwa asiyejua. Itasemwa pia kwamba tunawazulia watu maneno mapya. Hakuna neno jipya hapa. Vunjika, kwama, ganduka na mumunyika yote yalikuwamo katika lugha kabla ya mfasiri wa kwanza wa sayansi kuzaliwa. Utaratibu tunaoukubali sote katika uundaji wa istilahi hutuagiza tutafute nyumbani kwanza, kabla ya kubisha hodi kwa wengine.

Mapendekezo

Kuyeyuka: theluji au barafu kugeuka maji kwa joto.

Mvunjiko wa barafu: kupasuka na kuondoka kwa barafu ya mto kwa nguvu ya maji, ikiwa imedhoofishwa na joto au haijadhoofishwa.

Mkwamo wa barafu: kujibana kwa mapande ya barafu hata yakazuia mkondo, kinyume chake, kukwamuka.

Ardhi ya mgando: ardhi iliyodumu katika nyuzi sifuri za Selsiasi au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi.

Kuganduka: ardhi kupanda juu ya nyuzi sifuri na kupoteza mgando wake.

Kumumunyika: kitu kuenea katika kimiminika hata kikapita katika chujio lililokubaliwa.

Furiko: kujaa kwa mto kunakotazamiwa kila mwaka.

Kwa maneno hayo sentensi yetu ingeandikwa hivi: "Mwezi Mei theluji ya kusini huyeyuka na maji yake kuuinua Mto Lena, barafu ya mto huvunjika, nayo maji, yakipita juu ya ardhi ambayo bado haijaganduka, hubeba hadi baharini kaboni iliyomumunyika kutoka katika majani na mboji." Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini kila kitenzi kimo mahali pake, na mwanafunzi atakayeisoma ataweza kuuliza swali la maana: je, ardhi hiyo itaganduka lini, na itatoa nini?

Tunawaomba walimu wayajaribu maneno haya madarasani, na wafasiri wayapime katika kazi zao. Mwenye neno bora kuliko "ganduka" asilifiche, alete, lijadiliwe. Tunaloomba kwa mkazo ni kwamba "kuyeyuka" kipunguziwe mzigo.